Kupa, Kutoa, Kuweka: Je, Chuo Kikuu Kiuze Mchoro Kilichotunukiwa?



Niliombwa nizungumzie lugha na urithi. Huenda baadhi yenu mlitarajia mada ya lahaja zinazofifia, au ile ya istilahi ambayo tumeijadili kwa miaka mingi bila kuimaliza. Leo naomba ruhusa yenu nishughulikie swali ambalo kwa juujuu halihusiani na isimu. Chuo kikuu kimepewa kazi ya sanaa. Miaka inapita, kazi ile inapanda thamani kupita kiasi, na chuo kinapatwa na dhiki ya fedha. Je, kiiuze? Wanasheria hulijibu swali hili kwa kufungua hati, na wahasibu kwa kufungua vitabu vya hesabu. Mimi naona kwamba mwanaisimu naye ana nafasi katika baraza hilo, kwa kuwa ugomvi wote, ukichunguzwa vyema, unahusu kitenzi kimoja: yule aliyetoa, alifanya nini hasa?

Nitatumia mfano wa Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, ni huko ambako swali hili limejadiliwa hadharani kwa marefu na mapana, hata bungeni na mahakamani. Pili, kama nitakavyoeleza baadaye, makumbusho ninayoyazungumzia yana uhusiano na bara letu ambao unaligeuza swali lenyewe upande wa pili.

Mwaka 1943 Peggy Guggenheim, tajiri aliyekuwa mkusanyaji mashuhuri wa sanaa, alimwagiza mchoraji kijana, Jackson Pollock, amchoree mchoro mkubwa wa ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake New York. Pollock wakati huo hakuwa na jina kubwa. Kazi aliyoitoa, inayojulikana kwa jina la Mural, ina upana wa takriban mita 6 na kimo cha karibu mita 2.4. Ingawa jina lake lina maana ya mchoro wa ukutani, haukuchorwa juu ya ukuta. Ulichorwa juu ya turubai, na kwa sababu hiyo ukaweza kuhama. Guggenheim aliporejea Ulaya baada ya vita, aliutoa kwa Chuo Kikuu cha Iowa, chuo cha umma katika jimbo la wakulima wa mahindi, mbali na majiji makubwa ya sanaa. Mchoro ulifika huko mwaka 1951. Chuo hakikuwa hata na makumbusho wakati huo. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1969. Kabla ya hapo mchoro ulitundikwa mahali ambapo wanafunzi wa sanaa walikuwa wakifanyia kazi zao. Naomba tulikumbuke jambo hili, maana nitalirejea.

Juni 2008 Mto Iowa ulifurika. Majengo mengi ya chuo yaliyokuwa kando ya mto yaliharibika, yakiwamo majengo ya sanaa. Kazi zilizokuwamo katika makumbusho ziliwahi kuokolewa, lakini jengo lenyewe halikufaa tena, kwa kuwa hakuna kampuni ya bima iliyokuwa tayari kukatia bima hazina kama ile mahali palipokwisha kufikiwa na maji. Hapo ndipo swali lilipozuka. Mjumbe mmoja wa bodi inayosimamia vyuo vikuu vya jimbo alitaka mchoro ukadiriwe thamani, na kiasi kilichotajwa wakati huo kilikuwa dola milioni 140. Mwaka 2011 mswada ulipelekwa katika bunge la jimbo kutaka mchoro uuzwe na fedha zake ziwe mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wa sanaa wa jimbo lile. Mswada haukufika mbali. Ulipingwa na chuo, na wanasanaa, na wananchi wengi wa kawaida, ukaondolewa.

Sasa, ni rahisi mno kwa watu wa vitabu kuwacheka waliotaka kuuza. Mimi siwacheki. Hoja yao ina nguvu, na sisi tunaofundisha katika vyuo vya umma vya Afrika ya Mashariki ndio tunaopaswa kuielewa kuliko watu wengine. Kila mwaka tunawaona vijana wenye akili wakiacha masomo kwa kukosa ada, au wakishinda na mlo mmoja ili walipie chumba. Mtu akituambia kwamba turubai moja lililopakwa rangi lingeweza kuwasomesha vijana mamia kwa mamia, vizazi na vizazi, ni lazima tuwe na jibu lililo bora kuliko kusema kwamba sanaa ni tukufu. Tena mswada ule haukutaka fedha ziende kwenye barabara. Ulitaka ziwasomeshe wachoraji. Kuna mantiki ya kutosha katika kusema kwamba mchoraji mmoja aliyekwisha kufa awasomeshe wachoraji elfu walio hai.

Na wakati mwingine dhiki huwa kubwa kuliko ile ya Iowa. Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, kiliasisiwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili kuwasomesha Wamarekani weusi waliokuwa ndio kwanza wametoka utumwani. Mwaka 1949 mchoraji Georgia O'Keeffe alikipa kazi 101, nyingi zikitoka katika mkusanyiko wa marehemu mumewe, Alfred Stieglitz, kwa masharti kwamba zisiuzwe wala zisitenganishwe. Tendo lile lilikuwa na uzito wa pekee: katika miji ya kusini iliyokuwa ikiwabagua watu weusi, hazina ya sanaa ya kisasa ilipelekwa kwenye chuo chao. Lakini miaka hamsini na kitu baadaye chuo hicho kilikuwa hakina fedha hata za kuitunza hazina hiyo vilivyo. Kesi ilianza mwaka 2005, ikamalizika mwaka 2012 kwa mapatano ya kuuza hisa ya nusu kwa makumbusho ya Crystal Bridges, huko Arkansas, kwa dola milioni 30, na kazi zenyewe zikawa zinahama baina ya mahali hapa na pale kila baada ya miaka miwili. Sitaki kuwahukumu watu wa Fisk. Mwenye njaa hahubiriwi na aliyeshiba.

Basi hoja ya dhiki ipo. Lakini haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka kuingia katika uwanja wangu.

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo Kiingereza, katika mazungumzo ya namna hii, aghalabu huvifumbata katika kimoja. Tunavyo kupa, kutoa na kuweka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua kwamba kitenzi -pa hakisimami bila kumtaja anayepokea. Tunasema nilimpa, ulinipa, wametupa. Kiambishi cha mpokeaji hakiachwi. Tena ukikitia katika hali ya kutendwa, anayekuwa kiima ni mtu, si kitu. Tunasema "mtoto alipewa kitabu", na sikio la mzawa hukataa "kitabu kilipewa mtoto". Yaani katika sarufi ya -pa, kitu hakina historia yake. Kinahama tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na hadithi ni ya watu wawili.

Kitenzi -toa ni kingine kabisa. Shina lake ni lile lile la -toka. Anayetoa hufanya kitu kitoke kwake, na lugha haimlazimishi kusema kimekwenda wapi. Tunatoa sadaka, tunatoa mchango, tunatoa damu hospitalini bila kujua itaingia katika mwili wa nani. Na hapa kitu chenyewe kinaweza kuwa kiima: sadaka imetolewa, mchango umetolewa.

Cha tatu ni -weka. Tunaweka akiba, tunaweka rehani, tunaweka amana, na tunaweka wakfu. Kitu kilichowekwa kina mahali pake na kina kusudi lake, na anayekishika amekishika kwa ajili ya kusudi hilo. Ndiyo maana Mswahili hasemi "nimempa wakfu". Wakfu hauna mpewa. Neno lenyewe, kama mnavyojua, limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama au kusimamisha: mali imesimamishwa, haitembei tena sokoni. Na wala neno hili halikubaki misikitini. Wakristo wa nchi zetu wanaweka wakfu makanisa na makasisi, na hakuna anayeona ajabu. Lugha imelichukua kuwa lake.

Mafakihi wa pwani yetu, ambao wengi wao walifuata madhehebu ya Shafii, walipambanua mambo haya kwa makini. Hiba ni kumilikisha: aliyepewa akishaipokea ni yake, auze, agawe, achome moto akitaka, na aliyetoa hawezi kuidai, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Wakfu ni kinyume chake. Asili ya mali hufungwa, haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi. Kinachotembea ni manufaa yake. Shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haliuzwi, lakini nazi zake huuzwa kila msimu. Amana nayo ni jambo la tatu: kitu bado ni cha mwenyewe, na aliyekishika ni mlinzi tu. Mzizi wake ndio ule ule uliotupa imani na amini. Si jambo la vitabuni tu, kwani hata serikali za kikoloni zilipokuja zililazimika kuunda tume za kusimamia mali hizi, na mpaka leo tume za wakfu zipo Kenya na Zanzibar.

Turudi Iowa tukiwa na vipimo hivi mkononi. Waliotaka kuuza waliusoma mchoro kuwa hiba. Guggenheim alikipa chuo, chuo kikapokea, mchoro ni mali ya chuo. Tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba hakuweka sharti hata moja. Je, mambo yameishia hapo?

Hebu tutazame maneno "mali ya chuo". Kiunganishi -a unganifu ni kiungo chenye hila nyingi katika sarufi yetu. Nikisema "mchoro wa Pollock", namtaja aliyechora. Nikisema "mchoro wa Guggenheim", namtaja aliyeagiza na aliyetoa. "Mchoro wa farasi", kwa wale wanaoona ndani yake wanyama wakitimua mbio, hutaja kinachoonekana. "Mchoro wa chuo" hutaja mahali ulipo na anayeutunza. "Mchoro wa watu wa Iowa", kama wapinzani wa mswada walivyokuwa wakiuona, hutaja wale wanaonufaika. Mahusiano yote matano yanabebwa na silabi moja, na yote ni ya kweli kwa pamoja. Mnada hauna uwezo wa kushughulikia zaidi ya moja kati yake. Mtu anayesema "ni wetu, kwa hiyo tunaweza kuuuza" ametelezesha maana moja ya -a mahali pa nyingine, na ametelezesha upesi mno kiasi kwamba msikilizaji haoni.

Kuna jambo zaidi. Mwaka 1951 Guggenheim hakumtumia rafiki zawadi ya arusi. Alikitolea chuo kikuu, yaani taasisi ambayo kazi yake inajulikana kabla hata ya kufungua bahasha. Na chuo kiliutundika mchoro ule wanafunzi walipokuwa wakichora. Matumizi hayo ya miaka ya mwanzo yananiambia zaidi kuliko hati yoyote jinsi wahusika walivyolielewa tendo lao. Mchoro uliwekwa. Kama ni hiba kwa sheria, basi ni hiba iliyotendewa kama wakfu kwa zaidi ya nusu karne, na wanaisimu tunajua kwamba maana ya neno hukaa katika matumizi yake kuliko katika kamusi.

Ikiwa ni hivyo, nazi za mnazi huu ni zipi? Mchoro hauzai matunda ya kuuzwa sokoni. Manufaa yake ni kuonwa na kuchunguzwa, na haya si maneno ya kupambia hotuba. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Pollock alikaa wiki nyingi mbele ya turubai tupu, kisha akaimaliza kazi yote katika usiku mmoja. Ni hekaya tamu, na vitabu vya sanaa viliipenda. Mwaka 2012 mchoro ulipelekwa katika taasisi ya Getty, Los Angeles, kusafishwa na kuchunguzwa, na mwaka 2014 ukaonyeshwa huko. Wataalamu walipozichunguza tabaka za rangi waliona kwamba baadhi yake zilipakwa juu ya nyingine zilizokuwa zimekwisha kukauka. Na rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja. Hekaya ikaanguka. Uchunguzi wa namna ile hufanyika pale ambapo mwenye mali yuko tayari kuukabidhi kwa wataalamu kwa muda mrefu na kukubali matokeo yachapishwe. Mnunuzi binafsi anaweza kukubali, anaweza kukataa, na hana wa kumuuliza. Baadaye mchoro ulizunguka katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na Agosti 2022, Iowa ilipofungua jengo jipya la makumbusho, lililopewa jina la Stanley, ukarudi kwao. Kwa hiyo hata katika miaka ile 14 ya kukosa nyumba, wakfu ule uliendelea kuzaa.

Mwanafunzi makini atanipinga hapa, na ningefurahi anipinge. Atasema: Profesa, mfuko wa kusomesha nao ni wakfu. Asili yake ni zile dola milioni 140, na manufaa yake ni riba au faida inayotumika kila mwaka. Kilichotokea ni kubadilisha asili moja kwa nyingine. Hoja hii mafakihi waliijua. Wahanafi na Wahanbali waliruhusu wakfu kubadilishwa kwa mwingine kwa masharti. Washafii wakawa wagumu zaidi. Lakini hata wale walioruhusu, mlango waliotumia hasa ulikuwa ule wa mali iliyokoma kuleta manufaa: shamba lililogeuka jangwa, nyumba iliyobomoka katika mtaa usio na wakazi. Hawakusema kwamba shamba liuzwe kwa kuwa minazi yake imezaa sana. Mchoro wa Iowa ulitakiwa kuuzwa kwa sababu ya kustawi kwake. Kama thamani yake ingebaki dola mia chache, hakuna mbunge ambaye angeukumbuka.

Katika taaluma ya makumbusho upo mwiko unaofanana na huo. Chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Amerika Kaskazini kwa muda mrefu kilishikilia kwamba kazi ikiuzwa, fedha zake zinunue kazi nyingine tu. Mwaka 2022 kiliongeza kwamba zinaweza pia kutumika katika utunzaji wa moja kwa moja wa kazi zilizobaki. Kulipa mishahara au kujenga mabweni bado ni mwiko. Chuo cha Randolph, jimbo la Virginia, kiliuvunja. Mwaka 1920 wanafunzi wake na wenyeji wa mji walichanga fedha wakanunua mchoro wa George Bellows unaoonyesha wapagazi wa bandarini. Mwaka 2014 chuo kiliuuza kwa National Gallery ya London kwa dola milioni 25.5, na makumbusho yake yakawekewa vikwazo na chama hicho. Mfano huu unaniuma kuliko ule wa Iowa. Pale Iowa aliyetoa alikuwa tajiri mmoja. Hapa walikuwa mabinti waliochanga senti zao, na tukisema walitoa, ni katika maana ile ile ya -toa niliyoieleza: hawakumpa mtu. Ni nani basi aliyekuwa na idhini ya kusema, miaka 94 baadaye, kwamba walikuwa wanachangia bajeti?

Sasa niufikie ule uhusiano na bara letu. Makumbusho ya Iowa yana mkusanyiko mkubwa wa sanaa za Afrika, ambao msingi wake ni vinyago na kazi nyingine zilizotolewa na familia ya Stanley. Katika ghala lake vilikuwamo vitu viwili vilivyoporwa Benin na majeshi ya Waingereza mwaka 1897, kikiwamo kibao cha shaba. Julai 2024 makumbusho yalivirudisha kwa Oba Ewuare wa Pili mwenyewe, nyumbani kwake. Yale yale yaliyokataa kuachia turubai kwa dola milioni 140 yaliachia vitu hivi bila malipo. Kuna wakosoaji wanaoona hapa unafiki: ama mkusanyiko haugusiki, ama unagusika.

Kwa Kiingereza hoja hiyo inaweza kukaa, maana wataalamu wao wanatumia istilahi moja kwa tendo la kufuta kitu katika daftari la makumbusho, kiwe kimeuzwa, kimebadilishwa, kimetupwa kwa kuoza, au kimerudishwa. Istilahi hiyo inatazama daftari tu. Tulipoanza kutafuta Kiswahili chake, baadhi ya wenzangu walipendekeza "uondoshaji", na nikiri kwamba sikuipenda hata siku moja. Kuuza na kurudisha ni matendo mawili yasiyo na undugu. Kurudisha ni kauli ya kusababisha ya kurudi: kitu kinafanywa kirudi, na hakiwezi kurudi isipokuwa kilikuwa na kwao. Kitu kilichoporwa hakikuwahi kuwa hiba, kwa kuwa mporaji hana anachomiliki cha kutoa; wala hakiwezi kuwekwa wakfu, kwani wakfu huwekwa na mwenye mali. Kwa vipimo vyetu kilichokuwa Iowa kutoka Benin kilikuwa, kwa ubora wake kabisa, amana ambayo aliyeishika hakujua mwenyewe ni nani, au alijua akanyamaza. Amana hurudishwa. Kwa hiyo kanuni inayouzuia mchoro wa Pollock kuuzwa ndiyo hiyo hiyo inayovitaka vitu vya Benin virudi, na sioni mgongano wowote.

Msidhani nimevuka bahari ili niwasahihishe Wamarekani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo sehemu yake kubwa ilikusanywa na J.W.T. Allen na wenzake, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Miswada hiyo ilitoka katika masanduku ya familia za pwani. Ipo iliyotolewa, ipo iliyonakiliwa ikarudishwa kwa wenyewe. Miaka ile hakuna aliyefikiria bei. Leo soko la miswada ya Kiafrika na ya Kiislamu limechangamka, na wanunuzi wa Ghuba na Ulaya wanajua wanachokitafuta. Sam Ntiro, Mtanzania aliyesoma na kufundisha uchoraji Makerere, ana mchoro katika Museum of Modern Art ya New York. Kazi za wenzake na wanafunzi wao zimetapakaa katika ofisi na korido za vyuo vyetu, nyingine zimetundikwa karibu na bomba linalovuja. Siku itafika mtu mwenye suti nzuri atabisha hodi kwa mhasibu wa chuo, na bei atakayotaja itakuwa sawa na paa la bweni zima.

Siku hiyo ikifika, mhasibu atafungua daftari. Nimeyapitia madaftari ya namna hiyo katika maktaba na idara kadhaa, hapa na kwingineko, na ningependa kumalizia kwa jambo hili dogo la kisarufi. Safu ya mapokezi karibu kila mara imeandikwa "imepokelewa", na tarehe. Kauli ya kutendwa, bila mtenda. Haisemi nani alitoa, wala kama alitupa, alitoa, aliweka, au aliazimisha tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo na habari imepotea.

Pendekezo langu kwa Seneti, kama litapokelewa, ni la gharama ndogo. Kila kitu kinachoingia katika hazina ya chuo, uwe mswada, kinyago, picha au kanda ya sauti, kiandikiwe sentensi moja kamili ya Kiswahili, yenye kiima na kitenzi kimojawapo kati ya hivyo vitatu, na aliyetoa aisome kabla ya kutia saini. Mwalimu fulani amempa mkuu wa idara. Au: familia fulani imetoa kwa ajili ya wasomaji wote. Au: familia fulani imeweka amana, na itakuja kuchukua. Kwa vile vilivyokwisha kuingia, wanafunzi wetu wa uzamili wa isimu na wa historia waende Lamu, Pemba, Kilwa na Bagamoyo wakawaulize wajukuu wa wenye masanduku ni kitenzi gani babu zao walikitumia. Wengi wa wajukuu hao sasa ni wazee.